Kibati cha Ambilikile Kwenye Nyumba ya Taa

Je, wewe umewahi kulala huku mlango unakutazama? Bibi Subilaga analala hivyo mchana huu, mkekani, kiuno kikimuuma kwa kupalilia maharage, na ng'ambo ya bonde mlango wa nyumba ya taa uko wazi, jengo pekee la mgodi wa makaa lililobaki limesimama, matofali yameingia weusi, bati limetoboka. Humo kila mchimbaji alichukua taa na kutundika kibati chenye namba yake. Akitoka anarudisha taa, anachukua kibati. Cha mumewe, Ambilikile, kingali msumarini tangu mgodi ulipoporomoka, na kwa hilo bibi amekataa matanga miaka yote: mtu ambaye kibati chake kinaning'inia, yuko kazini bado.

Usingizi unamchukua na anaupita mlango ule ule, anakuta barabara nyeusi inayong'aa, inapinda, inarudi ilikotoka, na kando yake ni nyumba ya taa, tena nyumba ya taa, kila dirisha likiakisi dirisha la upande wa pili. Mtu mwenye kofia ya chuma anamtangulia. Akigeuka, hana uso, ni laini kama kitako cha kibuyu. Habari za kazi, baba, anasema bibi, maana adabu haimtoki hata huko. Mtu yule anauliza, nani amefungiwa ndani na mlango uko wazi? Mume wangu, bibi anajibu. Umekosa, mama. Tembea. Anatembea, barabara inazidi kuteremka, joto linapanda, harufu ya makaa inamkaa kooni, na chini kabisa Ambilikile amekaa juu ya gogo, taa kichwani, mvi hana hata moja. We mwanamke, anasema, bado mkaidi tu? Chakula umeleta? Bibi anacheka huku machozi yanamtoka. Nimekuja kukutoa. Kunitoa? Mimi nataka kulala, mke wangu, ila kila nikifumba macho naitwa niamke, na sauti ni yako. Juu yao magogo yanayoshikilia dari yanalia, vumbi linaanza kumwagika. Asiye na uso anauliza tena, kwa upole unaotisha, nani amefungiwa ndani na mlango uko wazi? Ni mimi, anasema bibi, na taa ya Ambilikile inazimika.

Binti yake Tusekile amemwinamia, na kwa kitambo bibi anautazama uso ule akingoja ufutike. Umeota, mama? Ulikuwa unaita. Sijui, mwanangu, kama nimeota au ndiyo kwanza naota. Waite baba zako wadogo, na shangazi zako waje na masufuria. Kuna nini, mama? Nataka kumlilia baba yako.