Glavu za Shemeji

Mfamasia mkuu wa hospitali ile hakuwa mtu wa kuficha dharau. Alikuwa nayo ya kutosha, na aliigawa bila upendeleo. Alimdharau mhasibu, ambaye pesa za chai ya vikao hakuzisahau ila za dripu alizisahau kila mwezi. Alimdharau daktari wa upasuaji aliyekataa uzi wowote isipokuwa wa aina moja, eti mkono wake umeuzoea, utadhani uzi ni mke. Wauguzi walimwita Pilipili akiwapa mgongo. Alilijua jina hilo na hakuona sababu ya kulikataa.

Lakini dharau iliyonona aliwawekea watu wawili: mwenyekiti wa kamati ya manunuzi ya pamoja, na shemeji yake.

Shemeji alikuwa mume wa dada yake mkubwa. Mji mzima ulimwita Tajiri, mkewe naye alimwita hivyo hivyo, hata wakigombana. Kwa miaka mingi Tajiri ndiye aliyeiuzia hospitali ile glavu, na zilikuwa glavu za kuvaa kwa dua. Nyingine zilipasuka kabla vidole havijafika mwisho. Wakunga walijifunza kuvaa mbili mbili, kisha tatu tatu, na mama aliye kwenye uchungu akawa anasubiri mkunga avae nguo za mikono kama bibi harusi.

Siku moja mkunga mmoja alikuja kwenye dirisha la stoo, mikono ameinyoosha mbele kama si yake.

"Dada, nimevaa tatu. Damu imenifikia hata hivyo, na kidole kina mchubuko."

"Mama mwenyewe amepimwa?"

"Amepimwa. Ndiyo maana nimekuja mbio."

Mkunga akaanzishiwa dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI. Mwezi mzima alifanya kazi huku akikimbilia chooni kutapika, na kila Pilipili alipomsikia akitapika alimkumbuka Tajiri kwa maneno ambayo hayaandikiki. Kipimo cha mwisho kilikuja safi. Pilipili hakumshukuru Tajiri kwa hilo.

Watu walimwuliza: kwa nini hamnunui kwingine? Wapi? Hospitali ndogo ikipiga simu kiwandani, simu haipokelewi. Kiwanda kinauza kwa makontena, na yeye alikuwa anataka maboksi. Hospitali saba za umma za eneo lile zilinunua kila moja kivyake, kama wapangaji wa nyumba moja wanaopishana dukani, kila mtu na chumvi yake ya kipimo. Na kila hospitali ilikuwa na Tajiri wake.

Ndiyo maana ilipoundwa kamati ili hospitali zote saba zinunue kwa mkono mmoja, Pilipili alikubali kuwa mjumbe. Alikwenda kikao cha kwanza na matumaini. Alirudi bila hayo.

Mwenyekiti alikuwa mganga mkuu wa ile hospitali kubwa kuliko zote, mtu wa suti nzito hata jua likiwaka, aliyependa neno mchakato kuliko mtoto anavyopenda titi. Ukimwuliza dawa ziko wapi, ziko kwenye mchakato. Ukimwuliza mchakato uko wapi, unaendelea vizuri. Kila kikao alikifungua kwa methali ile ile: "Ndugu wajumbe, kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na chawa mwenyewe ameshapata wajukuu," Pilipili alinong'ona mara moja, kwa sauti ambayo ilifika hadi mlangoni.

Miezi ikapita. Walijadili jina la hospitali ipi litangulie juu ya karatasi za kamati. Walijadili muhuri utunzwe na nani. Daktari wa upasuaji alitetea uzi wake kikao kizima, kuanzia asubuhi mpaka soda zikapoa, yaani zikapata moto. Mganga wa hospitali nyingine alisusa kwa sababu barua yake ilimwita Bwana badala ya Daktari. Watu wasomi, wenye vyeti vya kujaza ukuta, na hawakuweza kukubaliana hata kuhusu glavu, kitu ambacho mkono wa binadamu umeshakiamulia umbo.

Jumapili moja Pilipili alikwenda kumsalimia dada yake. Alimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, miguu kainyoosha, masufuria machafu yamemzunguka.

"Dada, kulikuwa na shughuli?"

"Wageni wa shemeji yako. Nimepika mpaka mgongo umenikataa. Lakini ungeona, mdogo wangu, ungefurahi! Yule jamaa mnene wa hospitali ya ng'ambo ya mto, yule aliyemwita mume wangu mwizi mbele za watu sokoni, unamkumbuka? Alikuwa hapa. Na yule mwenye magari meupe. Wote kochi moja, wanapigana makofi mgongoni."

Pilipili alichukua kitambaa akaanza kukausha sahani. "Walikuwa wanaongea nini?"

"Mambo yao ya zabuni. Eti safari hii hakuna kuumizana. Huyu atashinda glavu, yule sindano, mwingine dripu, na kila mmoja atamwachia mwenzake njia. Nikasema afadhali. Ugomvi wao ulikuwa unanipandisha presha."

Pilipili akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha mtu aliyejikwaa penye kidole kibovu. Hospitali saba, na madaktari wao, na karatasi zao, na methali yao ya chawa, zilikuwa hazijaungana bado. Wauza takataka waliungana kwa mlo mmoja wa mchana. Kwa nukta moja alihisi kitu kama heshima kwa Tajiri. Akakitema upesi.

Dada yake alimtazama usoni, na tabasamu likamtoweka. Alimlea yeye, aliujua uso ule tangu haujaota meno.

"Usiniambie utakwenda kuyasema."

"Dada..."

"Nimekwambia wewe kama mdogo wangu. Sikuiambia serikali."

"Dada, yule mkunga alitapika mwezi mzima."

"Na mimi je? Mimi ndiye niliyekusuka nywele siku yako ya kwanza ya shule. Leo utanitia mchanga kwenye chakula changu?"

Hapo Tajiri akaingia, anachokonoa meno, ananukia manukato. "Oho, shemeji! Umekuja kimya kimya. Vipi kamati? Naona mnachelewa kidogo."

"Tunachelewa, lakini tutafika."

"Mimi nawaombea," Tajiri alisema kwa uso mtulivu kabisa. "Umoja ni kitu kizuri sana."

Siku ya kufungua zabuni ukumbi ulijaa. Wafanyabiashara walisubiri nje, kwenye mabenchi ya korido. Mwenyekiti aliagiza bei ziandikwe ubaoni, na zilipokwisha kuandikwa, zilikaa vile vile kama dada alivyosema: kila kitu na mshindi wake mmoja, na wengine wote wakiwa juu yake kidogo tu, kama watu waliosimama nyuma ya mwenzao kwa adabu. Tena bei hizo zilikuwa kubwa kuliko zile ambazo kila hospitali ilikuwa ikilipa peke yake.

"Ndugu wajumbe," mwenyekiti alisema, akipangusa miwani, "mchakato umekamilika kwa uwazi na ushindani. Napendekeza tuwape washindi kazi."

Pilipili akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nina maslahi. Aliyeshinda glavu ni shemeji yangu, mume wa dada yangu tumbo moja. Na hawa wote walikaa sebuleni kwake, wakala, wakagawana."

Mwenyekiti akairudisha miwani usoni.

"Hizo ni tuhuma nzito," mwenyekiti alisema. "Una ushahidi?"

"Uko ubaoni. Mwenyekiti, ni wapi duniani ukinunua gunia zima unauziwa ghali kuliko aliyenunua kibaba?"

"Mchakato hauruhusu..."

"Mchakato ulikuwa umelala! Hao wenzetu wa korido ndio waliokuwa macho."

Mwenyekiti alivimba shingo. Alikumbuka kanuni, maana kanuni alizikumbuka vizuri: mjumbe mwenye maslahi hutoka nje. Akamwonyesha mlango. Pilipili akatoka, kichwa juu.

Benchi lililokuwa na nafasi lilikuwa lile la Tajiri. Akakaa.

"Umefukuzwa?"

"Nimetoka."

"Umesema?"

"Nimesema."

Tajiri alitazama viatu vyake vilivyong'aa. Wale wenzake wawili walikuwa mbali kidogo, wanachezea simu.

"Dada yako atalia."

"Najua."

"Mimi silii. Mimi ni mfanyabiashara." Akasogea karibu. "Lakini nikwambie kitu, shemeji, kwa kuwa wewe unajiona ndiye mwenye macho. Miaka yote hii, ni nani wa hospitali yenu aliyewahi kurudisha boksi? Mlilalamika, ndiyo. Kulalamika mnajua. Halafu mnapokea, mnasaini. Mtu akinunua kwako kibovu kila mwezi, utamletea kizima cha nini?"

Pilipili alitaka kumjibu kwamba glavu mbovu ni afadhali kuliko mkono mtupu, kwamba ukirudisha boksi leo mama atazaa kesho na mkunga hana kitu. Ilikuwa kweli. Lakini maneno ya Tajiri nayo yalikuwa na chembe ya kweli, na hakuna kitu kilichomkera Pilipili kama ukweli uliotoka kwenye kinywa alichokidharau. Akageuza uso akatazama ukuta.

Kutoka mle ndani alisikia sauti zikipanda. Kisha sauti moja ikazishinda nyingine, na hakuamini: ilikuwa ya daktari wa upasuaji.

"Basi futeni! Futeni tuanze upya! Mimi nitashona kwa uzi wowote mtakaoleta, hata wa kushonea magunia, mradi mkono wangu uvae kitu kisichopasuka!"

Zabuni ikafutwa. Wenzake Tajiri waliondoka bila kumuaga, na kochi lile la sebuleni halikuwaona tena.

Mara ya pili kamati haikuwaendea akina Tajiri. Iliandikia viwanda moja kwa moja, kwa jina la hospitali zote saba, na safari hii simu zilipokelewa. Kiwanda kimoja kilimtuma mtu na sampuli. Pilipili alidai wakunga wazijaribu wenyewe. Yule mkunga aliyetapika mwezi mzima aliivaa glavu, akaivuta, akaipuliza kama puto, akaijaza maji akaining'iniza. Haikudondosha tone. Akaiweka mezani polepole, akatoka nje kidogo, akarudi macho mekundu.

"Hizi," alisema.

Mwenyekiti, naam, alihutubia siku mzigo ulipofika. Alisema kidole kimoja hakivunji chawa. Alisema yeye binafsi hakulala. Alipigwa picha amekumbatia boksi, na baada ya hapo akaalikwa sehemu nyingine kuwafundisha wenzake jinsi ya kuungana. Pilipili alimpigia makofi mawili, akaona yametosha.

Likabaki suala la kusambaza. Mzigo ulishushwa kwenye ghala moja, na ulihitaji magari ya kuufikisha kote, tena kwa wakati, maana dripu iliyo ghalani haimsaidii aliyeishiwa damu wodini. Ikatangazwa kazi ya usafirishaji, kwa masharti mapya: hakuna malipo mpaka boksi lifunguliwe na mpokeaji aridhike. Tajiri akaomba. Pilipili akatoka nje tena kwa mujibu wa kanuni, akakaa kwenye benchi lile lile, safari hii peke yake, akiwa na uhakika kwamba hata wale wajumbe hawawezi kuwa wajinga kiasi hicho.

Wakampa Tajiri. Bei yake ilikuwa ya chini, na magari yake yalikuwa mazima.

Pilipili alikasirika wiki nzima. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Tajiri aliiweza kazi. Mvua ikinyesha, alifika. Daraja la ng'ambo ya mto lilipokatika, alizunguka njia ya mbali na akafika. Hospitali moja ilipoishiwa sindano huku nyingine ikiwa nazo tele, wafamasia walipigiana simu na lori la Tajiri likazihamisha siku hiyo hiyo. Mtu yule yule! Kumbe hakuwahi kushindwa kufanya kazi safi. Alikuwa hajawahi kulazimishwa.

Kwa dada yake Pilipili hakuwa ameingia ndani tangu siku ya zabuni. Alikwenda mara moja akajibiwa na mfanyakazi kwamba mama amelala, saa nne asubuhi, redio ikiimba ndani.

Asubuhi moja Tajiri alileta mzigo mwenyewe. Pilipili alifungua maboksi, moja baada ya jingine, akapekua mpaka chini, akitafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Hakulipata. Tajiri alisimama pembeni, mikono nyuma, anafurahia.

"Umeridhika, shemeji?"

"Ziko sawa," alisema. Akasaini. Kisha, bila kumtazama: "Dada hajambo?"

"Hajambo."

"Nisalimie."

"Mimi ni wa kusafirisha dawa," Tajiri alisema, akipanda lori. "Salamu peleka mwenyewe. Simu unayo."

Lori liliondoka. Pilipili alisimama kati ya maboksi akapiga. Simu iliita mpaka akakaribia kukata.

"Unataka nini?" ilisema sauti ya dada yake.

"Nilitaka kukusalimia, dada. Shikamoo."

Huko upande wa pili sufuria liligongwa kwa mwiko, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Marahaba," dada yake alisema, na akakata.

Pilipili aliitazama simu. Halafu akaiweka mfukoni, akakunja mikono ya koti, akaanza kubeba maboksi kuyapeleka wodi ya wazazi.