Lugha Waliyoiita Mama Mkwe

Mwandishi wa programu za kompyuta aliletewa habari na wifi yake, muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi. Pampu ya dawa ilikuwa imemsukumia mgonjwa dozi ya saa nzima kwa dakika moja. Wifi aliuwahi mrija akauchomoa, na mgonjwa akaponea chupuchupu.

Programu ya pampu ile iliandikwa ofisini kwa mwandishi huyo. Aliipekua mpaka macho yakamwuma, akakuta sehemu moja inahesabu kwa dakika na nyingine kwa saa. Kompyuta haikushtuka, kwake namba ni namba tu. Na wote pale ofisini walikuwa wameikagua, yeye akiwemo.

Meneja aliwaita, akawasihi wawe waangalifu zaidi.

"Waangalifu tulikuwa," mwandishi alimjibu. "Tulikuwa tumechoka. Na kesho tutachoka tena."

Basi akaanza kutunga lugha mpya ya kompyuta, lugha ya watu waliochoka. Ndani yake hakuna namba tupu: lazima useme ni dakika au saa, gramu au kilo. Kila kinachoweza kuharibika, lazima ueleze kikiharibika itakuwaje. Usipoeleza, lugha inakugomea, na programu haianzi kazi.

Wenzake waliichukia. Ukiipelekea kazi, inairudisha. Ukirekebisha, inatoa kasoro nyingine. Wakaibandika jina la Mama Mkwe. Habari zilipomfikia mama mkwe wake mwenyewe, aliuliza kwa upole kama kuna jambo alilomkosea mtu. Mume wa mwandishi alijifanya anakohoa ili kuficha kicheko.

Miaka ilikwenda. Mwandishi alianza kuvaa miwani. Mara mbili alitaka kuacha, na mara zote mbili wifi alipita kwao akitoka kazini, akasinzia kwenye kochi viatu vikiwa miguuni, naye mwandishi akarudi kwenye kompyuta.

Hatimaye meneja alikubali pampu ziandikwe upya kwa lugha ile. Mwenzake mmoja, mbishi kuliko wote, aligomewa na lugha asubuhi nzima. Alimwita mtunzi wa lugha kwa hasira. Wakasoma pamoja: hakuwa amesema pampu ifanye nini betri ikiisha katikati ya dozi. Mbishi akaandika mstari uliokosekana, kisha akatoka kwenda kunywa chai.

Pampu zikapelekwa wodini. Wiki zikapita, hakuna simu iliyopigwa, hakuna aliyekuja kushukuru. Wifi alisema wodi imetulia, basi. Meneja akamtaka mwandishi aanze kuwafundisha wengine lugha hiyo.

Aliomba likizo kwanza. Siku ya kwanza alilala kutwa, na mumewe akawatoa watoto nje wasimwamshe.