Buti Zilizomkaa Osea

Osea Kibona hakununua buti asubuhi, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kinachoingia vizuri asubuhi hugoma jioni. Kwa hiyo yeye na mkewe Enesi, waliokuwa wameteremka kutoka Ikinga hadi Isongole kwa bodaboda na kupanda gari la Tunduma, walifika sokoni mapema, wakakaa kwenye ngazi za duka la mbolea wakisubiri miguu ya Osea ivimbe. Mbele yao malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamepanga foleni. Madereva walikuwa wamelala chini ya matrela.

"Baba Violet," Enesi alisema, huku akimenya karanga, "mimi ulinioa haraka kuliko unavyonunua hicho kiatu."

"Wewe hukuwa wa kupandia makorongo."

Enesi akatema ganda. Akasema tangu aolewe hajafanya kazi nyingine zaidi ya kupanda makorongo.

Hilo lilikuwa kweli. Nyumba yao ipo kitongoji cha juu kabisa, na shamba la mahindi liko ng'ambo ya korongo lenye mawe yanayokata kama vigae. Mwaka uliopita nguruwe pori waliingia humo wakala zaidi ya nusu. Osea ana gobore, na leseni ya gobore anayo, lakini alikuwa akiwafukuza kwa katambuga za tairi, na siku aliyomkaribia nguruwe mkubwa kuliko wote, mkanda wa katambuga ulikatika, yeye akaenda na mawe, nguruwe akaenda na mahindi. Walimaliza mwaka kwa kuomba kwa ndugu. Mwaka wa pili wa namna hiyo ndugu nao wangekwisha.

Jua lilipolegea, Osea alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, akaridhika. Wakaingia kwa Gwalugano, muuza viatu vya mtumba ambaye nusu ya Kiswahili chake ilikuwa Kibemba cha Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

"Karibu, mzee! Karibu, bamayo! Hapa hakuna kiatu, hapa kuna gari bila magurudumu."

Osea alitoa mfukoni soksi nene alizotoka nazo nyumbani, akazivaa. Kila buti aliyoishika aliikunja kwanza: ikijikunja katikati aliirudisha, maana buti ya milimani hujikunja vidoleni tu. Akatazama kama soli imeshonwa au imebandikwa gundi. Akausukuma mguu mbele hadi mwisho, akapitisha kidole nyuma ya kisigino. Kisha akatoka nje akapanda kifusi cha jengo la jirani, akapanda na kushuka, akisikiliza kama kisigino kinanyanyuka wakati wa kupanda na kama vidole vinagonga mbele wakati wa kushuka. Watu walisimama kutazama. Dereva mmoja aliamka chini ya trela akauliza huyo mzee anatafuta nini pale juu.

"Anatafuta mke wa pili," Enesi alimjibu.

Buti alizozikubali zilikuwa nyeusi, nzito, zenye meno makubwa ya soli na ngozi iliyoficha kifundo chote.

"Ngozi ya nini hii?"

"Nyati," alisema Gwalugano. "Siyo ng'ombe huyo, mzee. Huyo alikataa kufa."

"Sasa alikufaje?"

"Mimi nauza viatu, situmi salamu za rambirambi."

Osea alizivaa tena akasimama. Zilimkaa kana kwamba miguu yake ilitoka humo asubuhi, ikazurura mjini, na sasa imerudi nyumbani.

Kesho yake Enesi aliamka kufagia uwanja, akakuta nyayo za kwato. Zilianzia mlangoni zikaenda hadi chooni. Zilikuwa pana, zimegawanyika katikati, zimezama. Alisimama na ufagio wake akasubiri. Mlango wa choo ukafunguka, Osea akatoka akifunga mkanda.

"Ni dume," alisema Enesi.

Osea akatazama chini. "Tena zito."

Alirudi hadi mlangoni, na kwato zikarudi pamoja naye. Akavua buti akatembea peku: kwato. Akatafuta katambuga zake za zamani, akafunga ule mkanda kwa waya, akazunguka mwembe mara moja: kwato. Enesi alisema bora Osea angenunua gambuti. Kisha akaenda kupika uji, kwa sababu ulikuwa muda wa uji.

Basi, mambo hayakuwa mabaya. Osea aliposhuka korongoni hakuteleza hata kidogo, na alipolizunguka shamba, nguruwe pori walinusa zile nyayo, wakashauriana, wakahama. Mahindi yalipanda hadi yakampita mtu kimo. Majirani walimwomba azunguke na kwao, akazunguka. Kanisani watu walimwachia njia pana kidogo kuliko mwanzo, siyo kwa hofu, ni adabu tu, na mzee wa kanisa akamwomba awe anafuta sakafu baada ya ibada.

Kijana mmoja alipiga picha nyayo zile kwa simu, na picha ikatembea. Ilifika kwa afisa wa wanyamapori aitwaye Jenista, ambaye alipanda Ikinga kwa miguu, jasho likimtiririka, na kupima kwato za uwanjani kwa futi ya kamba huku akitabasamu peke yake. Nyati wa mwisho katika vilima vile alionekana wakati wa babu yake Osea.

"Mama," Osea alimwambia, "usisumbuke. Ni mimi."

"Tembea nione."

Osea akatembea. Jenista akainama, akapima, akalinganisha.

"Ni kweli, ni wewe," alisema. "Hongera, mzee. Tulidhani mmekwisha."

"Lakini mimi ni mtu."

"Sikatai." Jenista alikunja futi yake taratibu. Alikuwa mama mwenye huruma, na lilionekana jambo lenyewe linampa taabu. "Ukiwa mtu, mzee wangu, wewe ni wa kijiji. Ukiwa nyati, wewe ni wetu. Na kijiji hakina gari; sisi tunalo."

Osea akatazama kijito kule chini, maana la gari alilijua. Mama yake, bibi Tabita, alifia kwenye machela pale kijitoni, akiwa amebebwa na wanaume wa kitongoji kizima, kwa sababu hakuna gari lililowahi kupanda hadi kule. Kijiji kilikuwa kimeomba barabara tangu Osea hajaota ndevu. Kila waliyemwomba alikubali kwamba ni muhimu.

Baada ya Jenista kumwandika Osea kuwa nyati na kuondoka, greda la ofisi yake likaja. Lilichimba mlima, likajaza kijito mawe, likalaza kalavati, na kabla mahindi hayajaanza kukauka barabara ilikuwa imefika. Watu walitoka na vigoma. Dereva wa greda alishuka, akanywa togwa, akashukuru, akafunga mnyororo wa kufuli kukatiza barabara chini ya mlima, pamoja na kibao kinachosema njia hiyo ni ya uwindaji.

Mwezi uleule Ruti, jirani yao, alishikwa na uchungu. Walimbeba kwa machela, kandokando ya barabara mpya, kwa sababu mwenye ufunguo wa mnyororo alikuwa ameenda mji wa Mpemba, karibu na Tunduma, na simu yake haikupatikana. Ruti alifika. Mtoto hakufika.

Mwindaji mwenye kibali cha nyati huyo alikuwa bwana Jastin, mtu wa mjini, mpole, mwenye bunduki yenye darubini na buti mpya zinazong'aa za rangi ya kahawia. Alifuata nyayo tangu asubuhi: shambani, korongoni, kisimani, kanisani, na hatimaye zikamleta mlangoni kwa Osea. Alibisha hodi akiwa amevua kofia.

"Nyayo zinaishia hapa," alisema.

"Ndiyo. Karibu ndani."

"Ahsante. Usiwe na wasiwasi, mzee, kibali changu kinasema nje ya makazi. Nyumbani sitakusumbua."

"Na shambani?"

"Shambani ni nje ya makazi," alisema Jastin kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Enesi alimletea kigoda. Jastin alikaa kwa uzito, na alipoinua mguu uso ulimkunjamana. Osea, ambaye tangu mgeni aingie alikuwa akitazama zile buti za kahawia na wala si bunduki, alimwambia avue. Soksi ilikuwa nyembamba kama ya harusini, na ilikuwa imegandamana na kisigino. Lengelenge lilikuwa limepasuka, nyama nyekundu inaonekana.

"Ulinunua saa ngapi?" Osea aliuliza.

"Asubuhi. Zilinitosha kabisa."

"Aah."

"Wewe ulipataje za namna hiyo?" Jastin aliuliza, akiangalia buti nyeusi zilizokaa karibu na mlango. "Nimekufuata siku nzima. Kwenye yale mawe hukuteleza hata mara moja. Mimi nimeanguka mpaka nimesahau idadi."

Enesi aliacha kuchochea moto. Alimtazama mumewe kwa jicho ambalo mwanamume yeyote aliyeoa analielewa.

Osea alielewa. Alijua kwamba kati yake na ile bunduki hapakuwa na kitu kingine isipokuwa kisigino kile kibovu. Alifungua mdomo kumwambia mgeni anunue asubuhi, avae soksi nyembamba, achague soli ya gundi. Akatazama tena lile lengelenge. Lilikuwa kidonda kibaya.

"Nunua jioni," alisema. "Soksi nene, toka nazo nyumbani. Ikunje kwanza: ijikunje vidoleni, siyo katikati. Kidole kipite nyuma ya kisigino. Na usikubali kabla hujapanda kifusi na kushuka. Nenda kwa Gwalugano, mwambie nimekutuma."

Jastin alishukuru sana. Enesi alimpaka kisigino mafuta ya nyonyo, akamfunga kwa kitambaa cha kanga, akampa uji. Aliondoka akichechemea hadi kwenye gari lake, akashuka kwa barabara mpya, na mnyororo ukafunguliwa kumpisha.

"Baba Violet," Enesi alisema, akiosha bakuli.

"Najua."

"Hujui kitu."

Mahindi yalikauka. Hayawezi kusubiri yakishakauka. Mchwa hawana kibali wanachosoma. Asubuhi ya kuvuna, Osea alikuwa mlangoni akifunga kamba za buti, gunia tupu begani, aliposikia mtu akipanda upande wa pili wa korongo. Akasikiliza jinsi anavyosikiliza mtu anayejua viatu. Kisigino kilitua, vidole vikafuata, hakuna kuburuza, hakuna jiwe lililoporomoka. Mtu yule alikuwa akija vizuri, bila haraka, kama aliyezaliwa milimani.

"Zimemkaa," Osea alisema, na katika sauti yake palikuwa na kitu kidogo kama furaha.

Enesi alichukua ufagio nyuma ya mlango, akamwacha mumewe atangulie, na wakaanza kuteremka kwenda shambani, yeye nyuma ameinama, akifagia kwato moja baada ya nyingine.