Zulia Tulilolipaka Jumamosi

Zulia lile nililipata kwa kushikana mashati. Tulikuwa tunapaka rangi ofisi moja ghorofa ya tatu, wenyewe wakasema mazulia ya zamani tuyatupe, nami nikajiwekea moja pembeni. La kijivu, tupu, halina hata ua moja, ila zima. Fundi wa vigae akaja akalikunja kama lake. Nikamwambia weka chini. Akacheka. "Msasa, zulia lote hilo la nini, na wewe huna hata mume wa kulikanyaga?" Msasa ndilo jina wanaloniita kazini, na si kwa sababu ya ulaini wa mikono yangu. Nikampiga kichwa cha puani. Akakaa kitako juu ya vigae vyake, damu inamtoka, nami nikaweka zulia begani nikashuka ngazi.

Sioni haya kulisema. Nilikuwa na shida nalo kuliko yeye. Mdogo wangu alikuwa amehamia kwangu na binti yake wa miaka sita, baada ya mumewe kumvunja vidole viwili kwa kuvibana na mlango wa kabati. Makusudi, tena mara mbili. Kisha shemeji yangu huyohuyo, macho makavu, shati limepigwa pasi, akaenda ofisi ya ustawi wa jamii kudai apewe mtoto. Eti mama yake hana pa kukaa, anamlaza binti sakafuni.

Mama wa ustawi akaja kuangalia. Mwanamke mpole, miwani na daftari. Akakuta sakafu yangu ya saruji imepasuka, mlango umebabuka, mtoto anakohoa. Akasema, "Nitarudi Jumatatu ya wiki ijayo. Nataka nione chumba ambacho mtoto anaweza kuishi. Na nione utulivu." Hilo neno la mwisho alilisema akinitazama mimi, maana nilishaanza kumfokea.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Jumatatu ndiyo ingeamua mtoto analala wapi, kwa mama yake au kwa yule mtu.

Jumamosi tukaamka na kazi. Chumba changu ni kimoja, kirefu, kimegawanywa kwa pazia. Nilianza na mlango. Nikafungua kitasa, nikang'oa na komeo, parafujo zote nikazitia kwenye kikombe, nikapiga msasa, nikapaka nyeupe. Fundi anayejiheshimu hapaki mlango ukiwa na kitasa chake, rangi inakwenda kila mahali kama uji mdomoni mwa mtoto.

"Dada, sasa tutajifungia na nini?" mdogo wangu akauliza.

"Acha rangi ikauke kwanza. Nani atakuja mchana kweupe?"

Akaenda kukusanya magazeti. Alikuwa amezoea kunyamaza, na mimi nilikuwa nimezoea watu kuninyamazia.

Wazo la kulipaka zulia lilikuwa lake. Alisema likikaa vile la kijivu, chumba kitafanana na ofisi, na mtoto hakai ofisini. Tukalikung'uta nje, tukalisugua kwa brashi ngumu, tukalitandika katikati ya chumba juu ya magazeti. Mtoto akaulizwa anataka nini, akasema miduara, mingi, ya bluu. Tukachukua sahani, akawa anaizungushia chaki, ulimi nje, magoti juu ya zulia. Nilikuwa na rangi ya maji ya bluu iliyobaki kwenye kazi fulani.

Nami nikachovya rola, nikataka kuvuta. Mdogo wangu akapiga kelele.

"Weee! Huo si ukuta! Ukivuta hivyo manyoya yatagandamana, likikauka litakuwa gumu kama ubao. Ongeza maji. Halafu chukua sponji, gonga tu. Gonga, gonga, polepole."

"Miaka kumi na tisa napaka rangi, leo nifundishwe kugonga."

"Ndiyo ufundishwe. Wewe kila kitu unakivamia."

Mtoto akacheka mpaka akakohoa. "Mama mkubwa, gonga kama unambembeleza." Basi nikagonga kama ninambembeleza. Toba! Mkono wangu haukuijua kazi ile. Lakini miduara ikaanza kutoka, mmoja, miwili, saba, bluu juu ya kijivu, na nikasikia raha ambayo sikuitegemea. Mdogo wangu aligonga kwa mkono wake mzima, ule wenye bandeji ameulaza pajani. Kwa nusu saa hivi tulikuwa watu wenye nyumba.

Mlango ukasukumwa. Haukuwa na cha kuuzuia.

Shemeji yangu alisimama pale, kiganja kimejaa rangi nyeupe mbichi. Akakitazama, akakifuta ukutani kwangu. "Mnapamba," akasema. "Mnadhani yule mama atadanganyika na zulia?" Kisha kwa sauti nyingine, tamu, "Njoo kwa baba. Vaa viatu."

Mtoto akaingia nyuma ya pazia.

"Shemeji," nikamwambia, "toka. Nakuambia kwa heshima, toka."

"Heshima unaijua wewe?" Akapanda juu ya zulia na viatu vyake, akakanyaga duara baada ya duara akienda kwenye pazia. Mdogo wangu akasimama mbele yake. Yule mtu hakumpiga. Alimshika ule mkono wenye bandeji, akaubana taratibu, huku anamtazama usoni. Mdogo wangu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akapiga magoti.

Damu ikanichemka. Mti wa rola ulikuwa umeegemea ukuta, ule mrefu wa kufikia dari. Nikampiga nao shingoni. Akamwachia mke wake, akageuka, akanirukia. Alinipiga ngumi ya jicho nikaona cheche, nikagonga ukuta kwa mgongo, akanikaba. Nikamwingizia goti panapostahili. Alipoinama nikachukua ndoo ya rangi, ile ya chuma, nzito bado, nikamshushia kichwani. Bluu ikaruka mpaka darini. Akaanguka juu ya zulia kifudifudi, paji limechanika, damu na bluu zinachuruzika pamoja.

Hapo ningeacha, ningekuwa mtu mwingine leo. Mlango ulikuwa wazi, yeye alikuwa anatambaa kuufuata, na alikuwa anasema, "Basi, shemeji. Basi. Basi." Nilimsikia vizuri kabisa. Mtu asije akaniambia nilipandwa na wazimu, sikuwa na wazimu wowote. Nilimvuta kwa mguu nikamrudisha katikati ya chumba. Nilimpiga mti mgongoni, nikampiga mbavuni, nikasikia kitu kinaachia ndani, nikaona raha. Raha, ndiyo. Nilikuwa nahesabu, hiki cha kidole cha kwanza, hiki cha cha pili.

"Dada, inatosha! Amelala chini, utamuua!" Mdogo wangu alining'ang'ania mkono. Nikampiga kiwiko cha mdomo bila kumtazama. Akaenda chini, akaangukia mkono ule mbovu.

Majirani wanne ndio waliofaulu kunikalisha. Walipomtoa yule mtu nje nilikuwa bado natukana. Nilipomaliza, pazia lilikuwa linatetemeka chini, karibu na sakafu, mahali anapoweza kukaa mtoto aliyejikunja.

"Ameshaondoka," nikamwambia. "Toka, mama."

Hakutoka. Alitoka pale mama yake alipomwita.

Jumapili tulifanya kazi bila maneno. Damu tuliisugua kwa maji baridi, pale isipotoka tukachora duara lingine juu yake. Nilirudisha kitasa. Nilipaka ukuta. Zulia likakauka vizuri, laini, na lo, lilikuwa zuri! Nimepaka nyumba za watu wakubwa, sijawahi kufanya kitu kizuri hivyo. Jicho langu lilikuwa limevimba kama andazi, mdogo wangu ana jeraha mdomoni, nikawaza, alikuja yeye, alivamia yeye, watu wameona.

Na kweli Jumatatu mama wa ustawi alikuwa anajua yote. Shemeji alikwishafika ofisini kwake na kichwa kimefungwa, mbavu mbili zimevunjika, na majirani walikwishasema aliingia bila ruhusa na kumtesa mkewe. "Yule hatapewa mtoto," akatuambia kabla hata hajakaa. "Hilo liishe." Mdogo wangu akafunika uso akalia. Mimi nilitaka kuruka. Mama wa ustawi akavua viatu, akakanyaga zulia kwa soksi, akainama akaligusa. "Nani amefanya hivi? Pazuri hapa." Kisha akaomba azungumze na mtoto peke yao, nyuma ya pazia.

Pazia si ukuta. Tulisikia kila kitu.

"Unapenda kukaa hapa?"

"Napenda zulia."

"Kuna mtu unayemwogopa?"

Mama wa ustawi akasaidia, "Baba?"

"Baba hatakuja tena, mama kasema."

"Mwingine?"

"Mama mkubwa," mtoto akasema. Aliteremsha sauti, lakini mtoto hajui kunong'ona. "Baba alisema basi, yeye akaendelea. Alikuwa anacheka. Halafu akampiga mama."

Sikujua kwamba nilicheka. Nilimtazama mdogo wangu anikatalie, aseme mtoto amekosea. Aliangalia chini.

Mama wa ustawi aliandika muda mrefu. Alisema mtoto abaki na mama yake, na kwamba ataandika hivyo kwa mkono wake mwenyewe. "Ila si katika nyumba hii." Nilisimama. Nilifungua mdomo nimtukane, nikaona yule mama amesogeza kiti chake nyuma kidogo, na kalamu ameishika kama mtu anayejikinga. Nikakaa.

"Mwambie," nikamwambia mdogo wangu. "Mwambie mimi siwezi kumgusa mtoto. Nitakufa kwanza."

"Najua, dada." Alikuwa anakunja nguo, mkono mmoja, polepole. "Hata baba yake alikuwa anasema hivyo."

Rafiki yake wa kazini alikuwa na chumba cha ziada. Alikwishamwomba Jumapili, nikiwa napaka ukuta. Kumbe alikuwa ameamua kabla ya mtu yeyote kuandika chochote. Nililikunja zulia nikataka wachukue, akasema halitaingia huko, chumba ni kidogo. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Niliwabebea begi mpaka barabarani. Roho iliniuma, sijui nisemeje zaidi ya hivyo, iliniuma kama kitu kinachochunwa. Gari lilipokaribia nikaweka begi chini, nikamnyooshea mtoto mkono, ule wa kulia, nikiwa nimeukunjua kabisa aone hauna kitu. Akauangalia. Akahamia upande wa pili wa mama yake.