Petrus Palulu Hakuitika

Walikuwa wameshavuka mto mara mbili, na umande wa kilimani ulikuwa umeshawakauka miguuni, ndipo mzee Palulu alipotoa neno la kwanza tangu watoke nyumbani.

"Retang," aliita kutoka kwenye machela. "Wasinitie maji."

Retang, mwanawe wa kwanza, alikuwa ameshika mwanzi wa mbele. Alijua baba yake hasemi maji ya kunywa.

"Nani atakutia maji, baba? Tunakwenda kutibiwa tumbo, hatuendi kanisani."

"Huko chini maji yako kila mahali," alisema mzee, akafumba macho.

Ngiri ilikuwa imemtoka juzi yake. Kwa miaka kumi na moja ilikuwa ikimtoka, naye huirudisha kwa kiganja kama mtu anayerudisha kuku bandani, kisha huendelea kulima. Safari hii ilikataa. Ilikaa kinenani, ngumu, ikabadilika rangi, na mzee akaanza kutapika. Mtu wa zahanati alisema apasuliwe upesi. Siku zikipita, utumbo utaoza.

Yowi, dada yake Retang, alifuata nyuma na kikapu cha tambuu na popoo. "Tembeeni kama mmebeba baba," aliwafokea wabebaji. "Msitembee kama mmebeba kuni."

"Kuni afadhali, dada," mmoja akamjibu akihema. "Kuni hazina binti."

Mzee alicheka kidogo, na kicheko kikamuuma.

Walishukia barabarani, penye ofisi ya tarafa. Hospitali ya wilaya iliwatibu wasiojiweza bure, ila uwe na kadi ya matibabu. Kadi huipati bila kitambulisho. Na Palulu hakuwa na kitambulisho kwa sababu ya mstari mmoja tu, mstari wa dini. Mara tatu maishani alikwenda, mara tatu alisema Marapu, mizimu ya waliotutangulia, na mara tatu aliambiwa hiyo si dini, ni mila. Akarudi kulima. Wakati ule alikuwa mzima, na mtu mzima hahitaji kadi.

Walimtua mzee, aliyekuwa ameshapoteza fahamu, kwenye kivuli cha lori lililoegeshwa nje, Retang akaingia ndani. Karani hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, mtu angemtukana akaondoka.

"Kaka, mimi sina ugomvi na mizimu yenu," alisema. "Hata bibi yangu alikufa nayo. Lakini kompyuta hii ina dini sita, haina ya saba. Chagua."

"Acha wazi, Umbu," alisema Retang, akimpa jina la heshima ingawa karani hakuwa hata wa ukoo wa kiungwana.

"Nikiacha wazi inagoma. Tazama." Akabonyeza. Ikalia. "Umeona? Inanipigia kelele kama mimi ndiye mwizi."

"Mwandike Mwislamu!" alipaza sauti mwanamke mmoja kwenye foleni. "Atahiriwe uzeeni!"

Watu wakacheka.

"Siku ya kura sanduku haliulizi dini," alisema mzee mwingine kwa uchungu. "Wakija kuhesabu nyati tunaowafuga hawaulizi wanasujudia nini. Ukiumwa ndipo wanakuuliza Mungu wako ni yupi."

"Wewe nawe! Ukitaka cha serikali, vaa nguo ya serikali," alisema kijana mwenye kofia. "Mimi hapa ofisini ni Mkatoliki safi. Nikifika nyumbani, mimi ni mimi."

"Na ukifa?" aliuliza Yowi kutoka mlangoni.

"Nikifa watajuana wenyewe."



Ng'ambo ya barabara palikuwa na kanisa la mabati, na mwinjilisti wake alikuwa Lapu, binamu yao, mtoto wa kijiji kilekile. Alikuja mbio kabla hajaitwa, na bakuli mkononi.

"Dakika tano, Retang. Matone matatu na barua ya ubatizo. Karani ataipokea leo hii."

"Hana fahamu," alisema Yowi.

"Watoto wachanga nao hawana, na tunawabatiza."

Yowi akamshika kaka yake mkono. "Amesema asitiwe maji. Mimi nilisikia, na wewe ulisikia."

"Nilisikia. Nasikia pia anavyopumua."

"Utampa uhai, sawa. Na pa kwenda, utampa wewe?"

 Kwao mtoto hapewi jina, hulichukua mwenyewe. Mama humshikia titi, na bibi hutaja waliotangulia mmoja mmoja. Jina linalotajwa mtoto anapolishika titi ndilo lake, na mwenye jina hilo ndiye atakayempokea siku atakapokufa. Palulu alikataa majina kumi na saba, mpaka bibi yake akakauka koo. Lilipotajwa la kumi na nane, akalikamata titi kwa pupa. Kila sherehe kisa hicho kilisimuliwa, naye alikisikiliza kama hajawahi kukisikia.

Retang alimtazama baba yake. Midomo ilikuwa imepauka, na nzi alitembea juu yake bila kufukuzwa.

"Fanya," alimwambia Lapu.

Lapu alisema Petrus, kwa kuwa ndilo jina lililomjia kwanza. Maji yakamwingia mzee sikioni, akatikisa kichwa kama farasi anayefukuza wadudu, asiamke. Yowi aligeuka, akatema tambuu nyekundu mchangani.

Karani aliikubali barua, akatoa kitambulisho na kadi kwa jina la Petrus Palulu, nao wakafika hospitali alasiri. Mzee alitundikiwa maji ya mshipa, na jioni akapata fahamu, akauliza kama farasi wake amefungwa. Daktari wa upasuaji alikuwa mmoja tu, mwenye zamu hapa na zamu kwingine. Alisema huyu ataanza naye asubuhi. Retang alipanga kumweleza mzee habari ya barua usiku ule, akaona amelala. Akasema atamweleza kesho. Kulipokucha akaona afadhali amwache apone kwanza.

Asubuhi hiyo Retang akatumwa kwenye dirisha la usajili kugongesha muhuri barua ileile ya ubatizo. Foleni ilikuwa ndefu. Yowi alikuwa nje, kwani wanawake hawakuruhusiwa kwenye wodi ya wanaume kabla ya saa sita. Nesi akasimama mlangoni na orodha yake.

"Petrus Palulu!"

Kimya.

"Petrus! Petrus Palulu yuko wapi?"

Mzee alikuwa macho. Jirani yake wa kitanda, mvuvi aliyevunjika mguu, ndiye aliyemsimulia Retang baadaye. Alisema mzee alisikiliza kama watu wengine wote, tena aligeuza shingo kumtafuta huyo anayeitwa.

"Katoroka huyo," alisema nesi, akapiga mstari. "Haya, mguu!"

Wakamsukuma mvuvi. Alipomaliza mguu, daktari akapanda gari lake kwenda kwenye zamu nyingine.

Retang aliporudi na muhuri wake alimlilia nesi, akimpa naye jina la heshima. "Rambu, dada yangu, nakuomba! Alikuwepo! Alikuwa kitandani hapahapa!"

"Kwa nini hakuitika? Mimi nipige ramli? Wagonjwa hamsini, kila mmoja nimwangalie uso?"

Retang akarudi kwenye kitanda cha baba yake. "Baba, waliita asubuhi. Hukusikia?"

"Nilisikia. Walimwita mwingine."

"Walisema Palulu."

"Palulu wako wengi. Walimwita Petrus kwanza." Mzee alizungumza polepole, kwa vipande. "Mtu usiyemjua akiita jina usilolichukua mwenyewe, usiitike. Ukiitika umemfuata. Nilikufundisha hilo ungali huna meno."

Hapo ndipo Retang alipopaswa kusema ukweli. Alifungua kinywa, akasema, "Labda wamekosea karatasi."

"Basi warekebishe," alisema mzee.

Mchana kutwa tumbo lilivimba. Asubuhi iliyofuata nesi akasimama mlangoni, na mara hii alikuwa na hasira kabla ya kuanza.

"Petrus Palulu!"

Retang alikuwa ameushika mkono wa baba yake. "Yupo!" alijibu kwa sauti iliyojaa wodi nzima.

Akavihisi vidole vya mzee vikilegea, kisha vikachopoka mkononi mwake.

"Umemwitikia nani?"

"Wewe, baba."

Mzee alimtazama bila ukali. "Walinitia maji," alisema.

"Ndiyo."

Mzee hakugeuza kichwa walipomsukuma. Daktari alifungua tumbo, akaona utumbo umeshaoza, akafunga. Palulu alikata roho kabla chakula cha mchana hakijagawiwa.

Walimpandisha mlimani kwa machela ileile. Nyumbani nguo za kumfungia zilikuwa zimeshatandikwa, ili akunjwe magoti kifuani kama mtoto tumboni. Lakini kwenye ngazi ya nyumba alisimama mzee Ndawa, msomaji wa maombi ya mizimu, na mkuki wake ameukita ardhini. Habari ya maji ilikuwa imetangulia. Habari haipandi mlima kwa machela.

"Sitauliza maji," alisema Ndawa. "Hata mvua ni maji. Nauliza hivi: walipomwita kwa jina lile, aliitika?"

"Hakuitika," alisema Retang. "Waliita mara mbili, akanyamaza. Nafasi yake ikapita akiwa amenyamaza."

Uso wa Ndawa ulikunjuka. Wanawake wakaanza maombolezo, watu wawili wakanyanyua machela. "Mwanamume!" mtu alisema.

"Na siku ya pili?" aliuliza Ndawa.

Yowi alimtazama kaka yake, akatikisa kichwa taratibu. Yeye aliyekataa maji ndiye sasa aliyemwomba adanganye. Lakini Retang alikuwa ameshamdanganya mzee mmoja, na mkono wa Ndawa ulikuwa juu ya mkuki, na mbele ya mkuki ule wanaosikiliza ni mizimu, si Ndawa.

"Niliitika mimi," alisema.

Maombolezo yakakatika.

"Siku ya kumpeleka kwa baba zake, mimi huita, na mwana wa kwanza huitika kwa niaba yake," alisema Ndawa. "Mdomo wako ndio mdomo wake. Umeshautumia kwingine. Nikiita Palulu, nani ataitika?"

"Nitaitika mimi! Mpe jina tena, mzee wangu. Mrudishie!"

"Kwa titi la nani, Retang?"

Palulu alizikwa siku ya tatu kwenye makaburi ya kanisa kando ya barabara, amelazwa chali, amenyooshwa. Msalabani waliandika Petrus. Hakuna mtu wa kijijini aliyeshuka na Retang isipokuwa Yowi, naye alisimama ng'ambo ya barabara. Lapu bado anahubiri, na barua za ubatizo anazitoa vilevile. Karani alihamishwa kisiwa kingine. Nesi yuko palepale. Sasa hutazama nyuso. Mvuvi anatembea vizuri. Ndawa alikufa na akapelekwa kwa baba zake kwa heshima zote. Miaka kadhaa baadaye mahakama ya mji mkuu ilisema imani za jadi nazo ziandikwe kwenye kitambulisho. Retang alishuka na kitambulisho cha baba yake kuomba kirekebishwe, na karani mpya akamwambia kwa upole kwamba waliokufa hawabadilishwi. Yowi hazungumzi naye. Nyumba ya Palulu ilianguka paa, na hakuna aliyeiezeka.