Mkwe Wangu Kaitiwa Chanjo ya Mbwa

Mimi ni daktari wa mifugo, na siku hiyo nusura nimdunge mtu sindano ya ng'ombe kwa hasira. Mama wa mchumba wangu alikuwa aje kliniki kunipa jibu: binti yake nitamwoa au sitamwoa. Aliingia bila hodi, simu ameinyoosha mbele utadhani imeoza.

"Soma," akasema.

Nikasoma. "Mpendwa mteja, umefika wakati wa kuchanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Njoo ukiwa na mnyororo, pamoja na mmiliki wako." Na mmiliki aliyeandikwa hapo, lahaula, ni mimi.

Nikawaita waandishi wangu wawili wa programu za kompyuta, waliokuwa chumba cha nyuma wakigombania feni. Mmoja tunamwita Ramani, mwingine Nakala.

"Mama ana paka, kwa hiyo ni mteja wetu," Nakala akaeleza bila haya. "Kwenye JavaScript, lugha yangu ya kompyuta, sihitaji kuchora chochote kwanza. Nachukua kitu kilichopo, naunda kingine juu yake. Nilianza na mbwa wa daktari. Mama akikosa taarifa fulani, mfumo unaazima kwa mbwa."

"Unaazima kwa mbwa!" mkwe akarudia.

"Upuuzi mtupu," Ramani akadakia, nami nikapata matumaini. "Mimi ni mtu wa lugha ya Java. Kwanza unachora ramani ya mteja, ndipo unaunda mteja. Mama asingekuwa mbwa hata kwa dawa. Angekuwa chini ya Mnyama, lakini tawi lake mwenyewe."

Matumaini yakayeyuka.

"Na kwenye lugha ya Smalltalk," Nakala akamkata, "hakuna anayejali wewe ni nini. Kitu kinatumiwa ujumbe, kikiweza kuujibu, yamekwisha. Mama katumiwa ujumbe, na huyu hapa kaja!"

"Kwani mimi ni mbwa au si mbwa?" mkwe akauliza.

"Inategemea lugha, mama," wakajibu kwa pamoja. Tangu niwaajiri hawajawahi kukubaliana.

Hapo hasira zikanipanda. Nikapiga meza, sindano zikaruka.

"Nyamazeni! Mimi namiliki mbwa mmoja tu, na hata yeye hanisikii! Mama huyu simmiliki. Binti yake simmiliki, na hata akiwa mke wangu sitammiliki. Nampenda, nataka tuishi pamoja, basi!"

Nikajua nimeharibu. Mtu hampigii mkwe kelele.

Mkwe akavuta kiti, akaketi polepole, akaweka mkoba magotini.

"Nilikuja na swali moja tu," akasema, "kama utamfanya binti yangu mke au mali. Umelijibu kabla sijauliza. Haya, mwanangu, pangeni siku."

Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

"Kasema mwanangu," Nakala akamnong'oneza Ramani. "Basi na daktari naye anarithi kwa mbwa, kupitia kwa mama."

"Na hao wawili," mkwe akasema, "harusini nisiwaone."