Siku Amman Alipomkomea Mumewe Mlango

Katika mji wa Vembangudi, wanawake huingojea siku ya Ugomvi kuliko sikukuu nyingine yoyote. Bwana Shiva, mungu wa hekalu lao, hubebwa kwa sanamu yake juu ya machela kwenda kulala kijiji cha ng'ambo ya mto, na akirudi asubuhi, mkewe Amman humkomea mlango. Wabebaji husimama juani mabega yakiwauma, na waimbaji wawili hujibizana: mmoja nje akibembeleza kwa niaba ya Bwana, mwingine ndani akimjibia Amman. Wanaume huketi kulia, wanawake kushoto, na wanawake humzomea Bwana bila haya, maana siku hiyo ruhusa ipo.

Sauti ya Bwana ilikuwa ya Masilamani, mume wa Vadivu. Aliirithi kwa baba yake, kama baba alivyoirithi kwa babu. Sauti ya Amman, kwa miaka ambayo watu hawakumbuki mwanzo wake, ilikuwa ya mzee Chokkan, kibogoyo mwenye koo la chura, na Vadivu alizoea kucheka mpaka machozi kumsikia mzee yule akijifanya mke mwenye hasira. Mwaka huu koo la Chokkan liligoma kabisa. Hekalu likamwajiri Kuyili, binti aliyetoka chuo cha waimbaji mjini Madurai, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo pale.

"Mwanamke kumwimbia Amman!" alisema Deivanai, mama mkwe wa Vadivu, akipepeta mchele. "Haya, ulimwengu haujaisha. Mzuri?"

"Mimi nitajuaje, mama?"

"Utajuaje! Kila siku unapeleka kahawa ukumbini, macho unayaacha jikoni?"

Alikuwa mzuri. Lakini si uzuri wake uliomchoma Vadivu. Alikuta mazoezi yamepamba moto katika ukumbi wa nguzo, Masilamani amekaa mkekani, Kuyili mbele yake na matoazi madogo vidoleni. Bwana aliomba, Amman akamrushia jibu. Masilamani akarusha kichwa nyuma akacheka, kicheko kikubwa kilichowafanya njiwa waruke toka juu ya nguzo. Vadivu alisimama na birika la kahawa mkononi. Kicheko kile hakukijua. Nyumbani mumewe alikuwa mtu wa "chumvi imezidi" na "Nila amelala?" akimuulizia mtoto wao.

"Karibu, dada," Kuyili alisema, akainuka kwa adabu kupokea vikombe. "Baba Nila anasema kahawa yako haina mfano."

Kumbe wamefika mpaka kwenye kahawa yangu, Vadivu aliwaza, akatabasamu kwa meno tu.

Siku zilizofuata hakulala vizuri. Akifua, alifua kwa kisirani. Akisuka asumini za nywele, uzi ulimkatikia. Kisimani mwanamke mmoja aitwaye Ponni akamtonesha kidonda makusudi.

"Shoga, nimesikia Bwana mwaka huu anabembeleza kwelikweli."

"Ndiyo kazi yake."

"Kazi tamu hiyo! Mume wangu angepata kazi ya kubembeleza, mimi ningekaa mlangoni na mwiko."

Wanawake wakacheka. Vadivu akajitwika ndoo yake maji yakimmwagikia mgongoni, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile alimwekea mumewe wali wa mtindi, akakaa kumtazama.

"Mnacheka nini kule?"

"Wapi?"

"Baba Nila, usinifanye mtoto."

Masilamani aliweka tonge chini. "Mama Nila, huyu ni binti wa kazi. Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Wivu wa nini?"

Vadivu akakusanya vyombo. Alijua, kama mtu ajuavyo jino lipi linauma, kwamba mumewe hakuwa akitembea na yule binti. Basi moto huu ulitoka wapi? Aliosha vyombo gizani, na bila kukusudia akaanza kuimba chini kwa chini majibu ya Amman. Aliyajua yote. Baba yake naye alikuwa mwimbaji wa hekalu, na aliwafundisha wanawe wa kiume barazani. Vadivu aliyashika nyuma ya mlango, akisaga nazi. Siku baba alipomsikia, alimwambia, "Sauti unayo, mwanangu. Bahati mbaya," akarudi kwa wavulana.

Siku ya Ugomvi ikafika. Zumari zilianza kulia tangu machela ilipovuka mto, na ilipofika mbele ya milango ya shaba ua wote ulikuwa umejaa, moshi wa kafuri ukipanda. Vadivu alikaa safu ya mbele kama ilivyo heshima ya mke wa mwimbaji. Deivanai alikuwa kulia kwake, Ponni nyuma yake.

Masilamani alisimama kando ya machela, jivu kipajini, akaanza:

"Fungua, mwenye nywele kama wingu la mvua. Umande umenilowesha mabega."

Kutoka ndani ya mlango sauti ya Kuyili ikajibu, safi kama maji yanayomiminwa kwenye shaba:

"Umande gani huo, unaoacha manukato shingoni?"

Wanawake wakapiga kelele. "Mwambie, Mama! Asiingie!"

"Ni manukato ya maua ya waja wangu, waliokesha wakinisifu."

"Na macho mekundu? Nayo yalikesha yakisifiwa?"

Hata wabebaji walicheka, machela ikatikisika. Vadivu hakucheka. Kila jibu la Kuyili lilikuwa mdomoni mwake nusu pumzi kabla, na kila mara lilipotoka kwa mwingine alihisi amenyang'anywa. Shangwe zile, vichwa vile vilivyoelekezwa mlangoni, mumewe aliyesimama akisubiri kujibiwa: vyote vilikwenda kwa mtu mwingine, na yeye alikaa pale na kikapu cha ndizi mapajani.

Masilamani akainua sauti: "Moyo wangu nimempa nani, ila wewe mwenye nyumba yangu?"

Kuyili alinyamaza kidogo kuvuta pumzi. Vadivu akasimama. Kikapu kikaanguka.

"Mwenye nyumba umempa jiko na sufuria!" aliimba. "Kicheko chako umempelekea nani?"

Upande wa kushoto ukalipuka. Walidhani limepangwa. Ponni alipiga vigelegele mpaka akakohoa. "Jibu! Bwana ajibu!"

Masilamani alimtazama mkewe, mdomo wazi. Kuhani alichungulia nyuma ya machela, na ofisa wa hekalu akakunja uso. Sherehe haikatizwi, kwa hiyo Masilamani akaokota wimbo:

"Kicheko... kicheko kilipotea njiani. Fungua nikitafute ndani."

"Miaka yote umekaa ndani, ulikitafuta lini?"

Sasa hata wanaume walipiga makofi. Deivanai alimvuta upindo wa sari. "Kaa chini, mwehu wewe!" Lakini Vadivu alikuwa ameshaingia ubeti wa mwisho, ule mkongwe ambao Amman anataja jina la kila mlima alikomfuata mumewe, na sauti hupanda, hupanda, mpaka mlango ufunguke. Alipanda nao. Mlima wa tatu, sauti ikakwaruza. Wa nne, ikavunjika, ikawa mlio tu. Akabaki amesimama, macho ya mji mzima juu yake.

Ndipo kutoka ndani Kuyili akaidaka noti pale pale ilipovunjikia, akaipandisha bila haraka hadi kileleni, akaishikilia huko mpaka watu wakasahau kupumua. Milango ya shaba ikafunguka. Kengele zikalia, Bwana akaingia, umati ukamfuata.

Vadivu aliokota ndizi zake. Wivu ulikuwa umehama kutoka kwa mumewe. Ulikaa kwenye noti ile moja, na huko uliuma zaidi.

Nyumbani Masilamani hakupiga kelele. "Umenivua nguo mbele ya mji."

"Ulijua kwamba naimba?"

"Nakusikia ukiosha vyombo. Miaka yote."

"Na hukusema neno."

"Ningesema nini? Hekalu lisingekuchukua." Akakuna shingo. "Kule nacheka kwa sababu, baada ya Chokkan, nimepata mtu wa kunijibu. Ni hilo tu."

"Na mimi sikuwa mtu wa kukujibu?"

Alitafuta maneno, yule aliyerithi maneno ya vizazi vitatu, akayakosa. Akasema tu, "Leo ulinijibu," akatoka nje.

Kesho yake Vadivu alikwenda hekaluni bila kahawa. Alimkuta Kuyili peke yake ukumbini, akifunga matoazi kwenye kitambaa. Safari hii binti hakuinuka.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ofisa ameniuliza kama nilikupanga wewe ili kujitafutia sifa," Kuyili alisema. "Nimeisubiri siku ile tangu nina akili zangu, dada. Kule chuoni wavulana walinificha matoazi. Halafu aliyenipokonya siku yangu ni mwanamke mwenzangu."

"Ulinisaidia kumaliza."

"Nilimsaidia Amman. Wewe ningekuacha pale pale."

Vadivu aliinamisha kichwa. Alikuwa na maneno mazuri aliyoyapanga njiani, lakini yaliyotoka ni mengine: "Nakuonea wivu. Si kwa ajili ya Baba Nila. Kwa ajili ya sauti hiyo."

Akagusa koo lake mwenyewe.

Kuyili alimtazama, bado ana hasira. Kisha akasogeza mkeka kidogo kwa mguu. "Unaimba kwa koo tupu. Ndiyo maana lilivunjika. Kaa."

Vadivu akakaa.

"Noti moja. Vuta pumzi toka tumboni."

Aliimba. Ilitoka nyembamba na mbaya, ikapotea kati ya nguzo.

"Tena," alisema Kuyili.

Aliimba tena, akimchukia yule binti kwa moyo wote. Alipoambiwa "tena" mara nyingine, akavuta pumzi toka tumboni.